Ajali Ina Kinga



Kuna methali moja ambayo nimeifundisha kwa miaka mingi, nikaieleza, nikaitolea mifano, nikaitungia maswali ya mtihani na kuipa alama: ajali haina kinga. Siku moja niliisikia ikitamkwa mbele ya dawati tupu, na tangu siku hiyo sijaweza kuiandika ubaoni bila mkono wangu kusita.

Dawati hilo lilikuwa la kijana wa miaka 17. Jumapili moja jioni alichukua gari la mjomba wake, akawapakia wenzake wanne, wakaelekea kusini kwa barabara ya Rumonge, ile inayokwenda sambamba na ziwa. Walipokwisha kupita Kanyosha wakalikuta lori mbele yao, naye akatoka ili alipite. Usukani wa gari lile ulikuwa upande wa kulia, kama ilivyo kwa magari mengi yanayotujia kutoka Japani. Kilichokuwa kikija mbele hakukiona. Hakufa mtu, na kwa hilo tulishukuru. Lakini yeye alilala hospitalini miezi minne, na mmoja wa wenzake, msichana aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, hajaweza tena kuandika kwa mkono wake wa kulia.

Siku ya pili yake nilipoingia darasani, mwanafunzi mmoja aliinuka kwa adabu akasema, "Mwalimu, tumwachie Mungu. Ajali haina kinga." Darasa zima likaitikia kwa kichwa. Nami, mwalimu wao wa lugha na wa uraia, nikanyamaza. Haya unayoyasoma ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Neno "ajali" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya muda uliowekwa, hasa muda wa mtu wa kuishi. Aliyefikiwa na ajali yake ni aliyetimiza siku zake. Kiswahili kikalichukua neno na kulitandaza: leo ajali ni mashua kuzama, ni mtu kuanguka kutoka mnazini, ni magari mawili kugongana. Hata hivyo harufu ya asili haikutoka. Tunapoita mgongano wa magari "ajali", tunakuwa tumeshatamka, pasipo kujua, kwamba jambo hilo lilikuwa limeandikwa. Wahenga wa pwani waliotuachia methali ile waliishi na dhoruba, na nyoka, na nazi zinazodondoka, na kwa mambo kama hayo walisema kweli. Nazi haina breki.

Gari linayo. Hapa ndipo ninapoachana na wahenga, kwa heshima zote.

Yatafakari pia maneno "mwendo" na "mwenendo". Yote mawili yametoka katika kitenzi kimoja, kwenda. La kwanza tunalitumia kwa gari, la pili kwa tabia ya mtu. Lugha yetu, tofauti na nyingine nyingi, imeviweka vitu hivi viwili karibu kiasi kwamba mgeni anayejifunza huvichanganya. Nami nimeacha kumsahihisha kwa ukali, maana mara nyingi kosa lake lina ukweli ndani yake. Aendaye kwa mwendo wa kilomita 80 katikati ya nyumba za watu ametuonyesha mwenendo wake.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani. Kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29, yaani ninyi mnaonisoma pamoja na wadogo zenu na kaka zenu, hakuna sababu nyingine ya kifo inayozidi hiyo duniani. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hawakuwa ndani ya gari lolote: walikuwa wakitembea kwa miguu, au juu ya baiskeli, au juu ya pikipiki. Tena asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takribani asilimia 60 tu ya magari yote ya ulimwengu. Sasa nijibu: kama ajali ni kudra tupu, kudra hiyo imejifunza wapi kusoma hesabu za benki? Mwanadamu wa Sweden na mwanadamu wa Burundi wameumbwa na mifupa ya aina moja. Kinachotofautiana ni barabara, gari, sheria na mafunzo, na vyote vinne ni kazi ya mikono ya watu.

Nitakupa hesabu ndogo uifanye mwenyewe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto anaporukia barabarani kuufuata mpira, dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja kuona, kuelewa na kuupeleka mguu kwenye breki. Mita 14 zimekwisha na gari halijapunguza chochote. Kisha, barabara ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima, zinahitajika kama mita 14 nyingine hadi lisimame. Jumla ni 28. Ongeza mwendo hadi kilomita 80: mita 22 za kufikiri na kama 36 za breki, jumla 58. Umeongeza mwendo kwa zaidi kidogo ya nusu, nayo masafa yamezidi maradufu. Mvua ikinyesha, na tairi zikiwa zimekwisha kama nyingi ninazoziona hapa mjini, usiniulize tena hesabu. Kijana aliyefundishwa hili mapema hahitaji kuogopeshwa na polisi. Ameogopeshwa na kuzidisha na kugawanya, nayo ni hofu ya heshima zaidi.

Sasa turudi Bujumbura, maana mji wetu una mitego yake ambayo kitabu kilichoandikwa Ulaya hakiwezi kukuonyesha.

Burundi, pamoja na Rwanda na Kongo, hupita upande wa kulia. Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto, kama Waingereza walivyozizoesha. Dereva anayevuka mpaka kutoka Kobero kwenda Tanzania lazima abadili upande, na wengi wetu tuna jamaa wanaosimulia kwa kicheko jinsi walivyosahau. Lakini mtego mkubwa zaidi haupo mpakani. Upo ndani ya magari yenyewe. Yale yatokayo Japani yalitengenezwa kwa nchi inayopita kushoto, hivyo usukani wake uko kulia. Katika barabara yetu dereva wa gari kama hilo ameketi upande wa pembezoni, mbali na mstari wa katikati. Akitaka kulipita lori, hana budi kulitoa nje karibu nusu ya gari lake kabla jicho lake halijaona kinachokuja. Yaani analipa kwanza, ndipo aonyeshwe bidhaa.

Gari hilo linaweza kuendeshwa kwa usalama? Naam, lakini na mtu anayejua ubaya wake. Ajifunze kubaki nyuma ya lori kwa umbali mkubwa, kwa sababu kadiri unavyolisogelea ndivyo linavyokuziba. Akae nyuma, aisubiri barabara ifunguke mahali palipo panyofu, na asipoona asipite. Kijana wetu wa barabara ya Rumonge alikuwa ameligandamia lori lile. Aliniambia mwenyewe, baadaye, akiwa kitandani: "Mwalimu, nilikuwa karibu sana nalo, niliona mlango wake wa nyuma tu." Hakuna mtu aliyewahi kumweleza jambo hilo. Mjomba wake alikuwa amemfundisha kuwasha, kutia gia na kurudi nyuma, kisha akamsifu mbele ya wageni kwamba sasa amekuwa mwanamume.

Mtego huohuo uko kwenye Hiace zinazobeba abiria. Zile zilizokuja na mlango wa Japani, mlango huo uko kushoto, na kushoto kwetu ni katikati ya barabara. Umeshashuka mara ngapi ukakuta pikipiki inakupita kifuani? Ndiyo maana nakuomba, ewe unayeshuka ukiwa na begi la shule mgongoni na mdogo wako mkononi, usiruke. Shika ukingo wa mlango, tazama nyuma, kisha tazama tena. Na ukishashuka usipite mbele ya gari hilo kuvuka, lisubiri liondoke. Anayetoka mbele ya gari lililosimama haonekani na yeyote hadi anapokuwa ameshachelewa kuonekana.

Mwezi Machi mwaka 2022 serikali iliamua kuziondoa pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya mji wetu. Uamuzi ule una watetezi na una wanaoulalamikia hadi leo, hasa wale waliokuwa wakipata mkate wao humo, na si nia yangu kuufungulia kesi hapa. Nasema tu kwamba kuihamisha pikipiki si sawa na kumfundisha aliye juu yake. Pikipiki ziko Kamenge, ziko Kinama, ziko Kanyosha, na anayeendesha mara nyingi ni kijana aliyekuwa nyuma ya darasa langu miaka miwili iliyopita. Ongeza juu yake uhaba wa mafuta wa miaka hii ya karibuni, ambao umewafanya maelfu ya watu kurudi nyumbani kwa miguu wakati wa machweo, wakitembea ukingoni mwa barabara zisizo na njia ya miguu wala taa, na utaelewa kwa nini naliona somo la barabara kuwa somo la uraia. Barabara ndiyo mahali pekee ambapo waziri, mchuuzi wa dagaa na mtoto wa chekechea hulazimika kugawana kitu kimoja kwa wakati mmoja.

(Wakaao Kinindo na Kibenga wataniambia nimemsahau kiboko, atokaye ziwani usiku kula majani bila kuheshimu kulia wala kushoto. Sijamsahau. Huyo naye ni sababu nzuri ya kupunguza mwendo gizani.)

Lakini kuna barabara moja ambayo siwezi kuizungumzia kwa mzaha.

Bujumbura imeketi kando ya ziwa, mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Ukiishika barabara ya taifa namba 1, kwa kilomita thelathini na kitu utakuwa umefika Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu, kwenye baridi na ukungu na akina mama wauzao kabichi na karoti. Barabara hiyo imejaa kona, na juu yake, tangu alfajiri, wanateremka vijana wa baiskeli wakiwa wamebeba ndizi, makaa na mboga kwa ajili ya masoko ya mjini. Mzigo ni mkubwa kuliko mwenye kuubeba. Mwendo wao unalingana na wa magari, wakati mwingine unauzidi. Nimemwona mmoja akizuia tairi kwa wayo wa kandambili, moshi ukifuka chini ya mguu wake. Na jioni, mizigo ikishauzwa, wanarudi kwa kulishika lori kwa nyuma, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani wa baiskeli, watatu, wanne, watano kwa lori moja, hadi kileleni.

Kwa Kirundi baiskeli inaitwa ikinga. Kwa Kiswahili, kinga ni kitu kinachokukinga na madhara. Kila mwaka mwanafunzi mmoja huligundua hilo na kucheka, nami hucheka naye, kisha namkumbuka yule mwenye kandambili.

Usiwadharau vijana hao. Wapo wazungu wanaosimama kando ya barabara hiyo kuwapiga picha kana kwamba wapo kwenye sarakasi, na wapo wenyeji wanaowaita wendawazimu. Si wendawazimu. Kuisukuma baiskeli hadi Bugarama kwa miguu ni kazi ya saa nyingi, na saa hizo hakuna anayezilipa. Wengi wao wana umri wako. Aliyeacha shule kwa kukosa daftari hawezi kuokolewa na hotuba yangu juu ya usalama. Anachohitaji kwanza ni njia nyingine ya kupandisha baiskeli yake. Lori linaloweza kumbeba yeye na baiskeli yake kwa bei ndogo lingefanya kazi ambayo mabango elfu hayataifanya, na ninashangaa kwamba watu wenye uwezo wa kulipanga hilo huipita barabara ileile kila mwisho wa wiki, vioo vikiwa vimefungwa.

Ila lipo ambalo aendeshaye gari anaweza kulifanya leo. Unapoteremka kutoka Bugarama, usiikanyage breki mfululizo. Breki inayobanwa bila kupumzika hupata joto, na ikishapata joto la kutosha hukosa nguvu, nawe utaikanyaga hadi sakafuni bila kupata jibu. Tia gia ndogo, ileile ambayo ungeitumia kupanda, uiache injini ikuzuie, na breki uitumie kwa vipindi. Madereva wazee wa malori wanajua hivyo na huteremka polepole wakiguna. Kijana mwenye leseni mpya huwaona wazembe, akawapita. Na ukikuta baiskeli imelishika lori lililo mbele yako, jua kwamba mkono huo unaweza kuachia wakati wowote. Mwachie nafasi ya kuanguka bila wewe kumkanyaga.

Sasa nifike kwenye hoja yangu, ambayo haitawafurahisha wenzangu wote. Wapo wanaosema: shule iwafundishe wanafunzi udereva, na tatizo litakwisha. Nami niliwahi kusema hivyo, kwa sauti kubwa, katika mkutano wa wazazi. Nilikuwa nimekosea, ama nilikuwa nimesema nusu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2001, yakikusanya majaribio ya Marekani, Australia na New Zealand, hayakuona ushahidi kwamba kufundisha udereva shuleni hupunguza ajali za vijana. Yaliona kwamba vijana waliofundishwa hupata leseni mapema zaidi, na hivyo wengi zaidi huwa barabarani wakiwa bado wadogo. Ukimpa mtu wa miaka 17 ustadi wa kugeuza usukani, umempa na sababu ya kuutaka.

Kilichosaidia ni kitu kingine. Mwaka 1987 New Zealand ilianza kuitoa leseni kwa hatua. Kijana aliyefaulu mtihani hakupewa barabara yote kwa mara moja. Kwa muda fulani hakuruhusiwa kuendesha usiku akiwa peke yake, wala kuwapakia wenzake bila mtu mzima mwenye uzoefu. Nchi nyingi zimeifuata, kwa sababu ajali za vijana zilipungua. Soma tena masharti hayo mawili: usiku, na wenzake. Kisha ukumbuke Jumapili jioni, na watu wanne ndani ya gari. Sheria yetu inataka miaka 18 kabla ya leseni, ambayo mjini wengi tunaiita permi, na ni sheria nzuri. Ila siku ya kutimiza miaka 18 haimgeuzi mtu. Ningependa kuona nasi tukiwa na hatua, na wazazi wanaweza kuzianzisha nyumbani kesho bila kuisubiri serikali: ufunguo unarudi mezani kabla ya giza, na kwa mwaka wa kwanza hakuna marafiki garini. Mzazi anayeona aibu kusema hivyo kwa mwanawe afikirie ni aibu ipi iliyo nyepesi.

Shule basi ifundishe nini? Ifundishe barabara, na usukani ungoje. Mtoto wa darasa la pili afundishwe kuvuka, kwa kutolewa nje na kuvukishwa kweli, siyo kwa picha ya ubaoni. Wa darasa la sita afundishwe baiskeli, breki zake mbili na taa yake. Aliye karibu kumaliza afundishwe ile hesabu ya mita 14, afundishwe kwamba mkanda wa usalama hupunguza hadi nusu ya hatari ya kufa kwa abiria, na kwamba kofia ngumu iliyofungwa kidevuni hupunguza hatari ya jeraha la ubongo kwa hadi asilimia 74. Iliyofungwa, nasema. Ile iliyoning'inizwa kwenye mkono wa pikipiki hulinda mkono wa pikipiki. Mtu anaweza kunijibu: wanafunzi wako wengi hawatamiliki gari maisha yao yote. Sawa. Ndiyo maana sianzi na gari. Kila mmoja wao ni mwenda kwa miguu, na karibu kila mmoja ni abiria, na abiria ana silaha ambayo mwalimu wa lugha hawezi kuacha kuitaja.

Silaha hiyo ni mdomo. Nchini Kenya, mwaka 2008, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu zaidi ya 1,000 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Vibandiko hivyo, kwa Kiswahili na Kiingereza, viliwahimiza abiria wamwambie dereva asiyejali apunguze mwendo. Hakuna askari aliyeongezwa, hakuna barabara iliyopanuliwa. Madai ya bima yaliyotokana na ajali za magari hayo yalipungua kwa nusu au zaidi, yakilinganishwa na yale yasiyo na vibandiko. Baadaye kampeni ikapanuliwa kwa jina la neno moja la Kiswahili: Zusha! Yaani anzisha zogo, usikae kimya.

Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama mwalimu, kisha nikahuzunika kama mkazi wa Bujumbura, kwa sababu najua tunavyokaa. Dereva wa Hiace anaongea na simu huku akishika usukani kwa kiwiko, nasi abiria 18 tunatazama dirishani. Tunaogopa kuonekana wakorofi. Tunaogopa kushushwa njiani. Vijana mnaogopa zaidi, kwa kuwa mmelelewa msiwasahihishe wakubwa, na malezi hayo siyakatai. Lakini Kiswahili kina njia za kusema jambo zito bila kuvunja heshima, na huu ndio wakati wa kuzitumia.

Kwa dereva aliye rika la baba yako, usianze na amri. Anza na salamu, hata kama gari limeshaondoka: "Shikamoo mzee. Samahani, naomba utupunguzie mwendo kidogo, naogopa." Ona kazi ya silabi "-tu-" katika "utupunguzie", inawaingiza abiria wote katika ombi lako, nawe huonekani peke yako. Ona pia kwamba umesema "naogopa" na hukusema "unakosea". Kwa kijana wa pikipiki: "Kaka, mimi sina haraka. Twende taratibu." Na kama hana kofia ya kukupa: "Kaka, nisamehe, nitasubiri nyingine yenye kofia." Hilo la mwisho ni gumu zaidi, kwa sababu lina gharama, utasubiri, na pengine jua ni kali. Kwa rafiki yako aliyechukua gari la nyumbani bila ruhusa, sina sentensi ya adabu. Mwambie: "Mimi sipandi." Kisha usipande. Wanne walipanda Jumapili ile, na msichana wa mwandiko mzuri aliniambia kwamba alitaka kusema, na hakupata maneno.

Kazi ya wiki hii, basi, ni kama ifuatavyo. Nenda mahali unapopajua, iwe ni karibu na daraja la Ntahangwa, iwe ni mbele ya lango la shule yako, usimame pembeni palipo salama kwa dakika 15. Hesabu pikipiki zinazopita na abiria. Hesabu ngapi zina kofia mbili zilizofungwa. Hesabu pia watoto wanaovuka peke yao, na magari yanayowasimamia. Uyaandike uliyoyaona kwa aya mbili, ukitumia wakati uliopita na vitenzi vya kutendea, na mwishoni uandike sentensi moja ambayo ungemwambia mmoja wa madereva uliowaona, kwa heshima inayomstahili. Tutazisoma kwa sauti Jumatatu. Dawati lile limepata mtu sasa. Kijana amerudi, anatembea kwa mkongojo, na ameomba awe wa kwanza kusoma.